Programu Ikikosea Kusoma Michango ya Kikundi
Mazungumzo na makatibu wa vikundi, Bondo

Leo tuache kuku na miche. Tuongee juu ya hesabu za kikundi zinazofanywa na kompyuta, maana shida yake tumeiona kwa macho yetu.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, michango mingi huja kwa simu, na kila mchango una ujumbe wake. Katibu mmoja wa kikundi cha akina mama wauza omena, kijana aliyeanza juzi tu kujifunza lugha ya kompyuta iitwayo Python, alichoka kunakili ujumbe mmoja mmoja. Akaandika programu fupi isome ujumbe wote, ichague tarehe, jina na kiasi, ipange orodha. Wazo zuri kabisa.

Mwisho wa mwezi orodha ikasomwa. Mama mmoja aliyetuma shilingi 1,500 akaonekana ametuma shilingi 1. Watu wakaguna. Mama akachukua kikapu chake, akaenda zake. Na sisi tuliokuwa pale tuliamini karatasi kuliko mama.

Kijana akaomba msaada kwa wanaojua. Aliandika hivi tu: "Programu yangu haifanyi kazi." Nani angemjibu? Ni kama mgonjwa kumwambia daktari "naumwa", halafu anyamaze. Tukaketi naye, akaandika mambo matatu: ujumbe wenyewe ulivyo, alichotaka kupata, na alichopata. Fundi mmoja akaona kosa mara moja. Programu iliambiwa ichukue tarakimu zinazofuata "Ksh". Ikachukua 1, ikakutana na koma, ikasimama. Waliotuma 500 walikuwa sawa, kwa sababu 500 haina koma. Dawa ni kuiambia ichukue na koma, kisha iiondoe kabla ya kujumlisha.

Basi ninyi mnaoanza, shikeni haya:

1. Usitegemee kuhesabu neno la ngapi. Jina moja lina maneno mawili, lingine matatu, na yanayofuata yote yanasogea. Tafuta alama isiyobadilika, kama "Ksh". Kwenye ujumbe wa kupokea pesa, ya kwanza ni mchango, inayofuata ni salio.

2. Jaribu programu kwa kiasi kidogo na kikubwa, jina fupi na refu.

3. Ukiomba msaada, peleka yale mambo matatu. Lakini kwanza badilisha majina na namba za simu. Ni siri za wanachama, na tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data.

4. Linganisha jumla na ujumbe wa simu kabla ya kusoma orodha mbele ya watu.

Tulienda kwa yule mama kumwomba msamaha. Akatupa viti, akatuuliza: "Kwani mlishindwa kuniuliza mimi kwanza?" Hatukuwa na jibu.