Sahani ya Mama Lishe na Msimu wa Korosho

Mazungumzo ya Afisa Afya mbele ya wakazi wa Kata ya Mnyambe



Nimeombwa nizungumze juu ya kula nje ya nyumba. Huenda wapo wanaodhani kuwa jambo hilo ni la watu wa mijini, wale wanaochagua chakula kwa kusoma kitabu kilichowekwa mezani. Hebu tuhesabu. Mkulima aliyefikisha magunia yake ghalani alfajiri akangoja zamu ya mizani hadi alasiri, amekula wapi? Dereva wa bodaboda, fundi ujenzi, mwalimu kijana aliyepangiwa kazi huku na bado hajaoa, mama aliyemleta mtoto kliniki kutoka kijiji cha mbali, msafiri anayesubiri gari la Masasi: wote hao hula kwa mtu asiye ndugu yao, kwa fedha kidogo, mchana wa siku ya kazi. Lugha yetu yenyewe inashuhudia. Tukisema hoteli, mara nyingi tunakusudia mahali pa kula. Pa kulala tunapaita gesti. Mgahawa ni neno lililotokana na kahawa. Na mama ntilie ni yule ambaye mteja mwenye njaa humwambia "mama, nitilie" hata kabla ya kuketi.

Kwa hiyo sahani ya bei nafuu ni huduma ya kata, kama yalivyo maji na barabara. Tofauti yake ni kwamba hii haikujengwa kwa bajeti ya Halmashauri. Imejengwa na wanawake wachache, na wanaume wachache zaidi, kwa mitaji yao wenyewe, na inaweza kufa pasipo mtu yeyote kutia saini ya kuifunga.

Wenzetu wa Dar es Salaam wana matawi ya migahawa ya kigeni kama KFC na Pizza Hut, na vijana wetu wakirudi likizo huisimulia. Inafaa tujue siri ya migahawa ya aina hiyo. Mwaka 1948, katika mji wa San Bernardino, jimbo la California nchini Marekani, ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walipanga upya mkahawa wao. Waliipunguza orodha ya vyakula hadi ikabaki na vitu tisa, wakauza hambaga kwa senti 15. Hambaga haikuwa kitu kipya kwa watu wa kule. Kilichowavuta watu ni kwamba mteja alijua mapema atapewa nini, atalipa kiasi gani, na kwamba kesho akirudi atakuta vilevile.

Mimi simhitaji kuku wa kigeni hapa Mnyambe. Ugali wa muhogo kwa kisamvu, mbaazi za nazi, ming'oko ya kuchemsha, wali na samaki aliyepanda kutoka pwani ya Mtwara, vyote hivyo vinanitosha, na naamini vinawatosha na ninyi. Ninachotaka kukiazima kwao ni ubao. Kipande cha mbao, chaki, majina ya vyakula vya siku hiyo na bei zake, mahali ambapo mtu anasoma kabla hajaketi. Wengi wetu tumewahi kula kwanza na kuuliza baadaye, na tunajua kwamba bei ya mgeni na bei ya mwenyeji hutofautiana, hasa korosho zikianza kulipwa. Ubao unamwondolea mgeni hofu. Unamlinda pia muuzaji, maana mteja anayekusudia kubishana baada ya kushiba atakuwa amekwisha kuisoma bei.

Sasa niingie katika jambo ambalo mama lishe wengi hunieleza kwa sauti ya chini, nalo ni daftari.

Katika wilaya zetu fedha haziji kila mwisho wa mwezi. Tangu msimu wa 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza katika mkoa wetu, mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi, hungoja mnada, kisha hungoja malipo yaingie benki. Sina nia ya kuulaumu mfumo. Nataka tu tuone kwamba kati ya mizani na benki zipo siku, na katika siku hizo watu wanakula. Wanakula kwa kuandikiwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mama lishe anapika sahani 40 kwa siku na kuziuza kwa shilingi 1,500 kila moja. Hiyo ni shilingi 60,000. Tuseme unga, mchele, mbaazi, mafuta, kuni na maji vimemgharimu shilingi 50,000. Faida yake ni shilingi 10,000. Lakini wateja kumi wakisema "niandikie", shilingi 15,000 zinabaki katika karatasi, na mkononi ana 45,000. Kesho alfajiri anahitaji 50,000 ili apike kiasi kilekile. Akiendelea hivyo kwa siku nne, daftari linamwambia kuwa amepata faida ya shilingi 40,000, na kibindo chake kimepungua kwa shilingi 20,000. Mtu huyu anafilisika huku anapata faida! Siku ya tano anapunguza mafuta, au anapunguza nyama katika mchuzi, au hafungui. Na nyuma yake mteja hulalamika kuwa chakula cha siku hizi si kama cha zamani.

Walioishi msimu wa 2018/2019 hawahitaji mfano wangu. Serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya wanunuzi kutoa bei za chini, kisha ukafuata uhakiki, na wakulima wengi walisubiri malipo kwa muda mrefu. Mkulima akisubiri, anayemlisha husubiri pamoja naye, wala hana stakabadhi ya kumwonyesha mtu.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sitawaambia mama lishe wakomeshe mkopo, kwa sababu ninajua ndio unaowashibisha watu kabla ya malipo, na anayenyimwa leo ni jirani atakayekutana naye kisimani kesho. Nashauri kila mmoja aweke idadi ya sahani za mkopo kwa siku, isiyozidi faida yake. Katika mfano wangu ni sahani sita, maana sita ni shilingi 9,000, na mtaji wa kesho unabaki salama. Idadi hiyo nayo iandikwe ubaoni. Ni rahisi kwa mtu mwenye haya kuelekeza kidole ubaoni kuliko kumkatalia shemeji yake kwa kinywa.

Lipo jambo moja la kuliepuka kabisa, nalo ni kulipa deni la chakula kwa bakuli la korosho ghafi. Nimesikia kuwa hufanyika, na wahusika wote wawili huliona kuwa ni ujirani mwema. Hiyo ni kangomba kwa jina lingine. Biashara ya korosho ghafi nje ya mfumo rasmi imekatazwa, na mkulima hupoteza zaidi, kwa kuwa bakuli hupimwa kwa macho ya mwenye njaa.

Sasa maji. Hapa naomba wateja mnisikilize zaidi kuliko wapishi.

Uwanda wetu wa Makonde hupata mvua, lakini udongo wake huyanywa maji yote, na juu huku hakuna mito. Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika jinsi wenyeji walivyoyafuata maji mabondeni. Leo tuna mradi wa maji wa Makonde unaoyasukuma kutoka Mitema hadi huku juu, na tuna visima vya kuvunia maji ya mvua majumbani. Hata hivyo kila mmoja wetu anajua maana ya dumu la lita 20 wakati wa kiangazi. Kwa mama lishe, dumu ni gharama kama ulivyo unga. Anayetaka bei ya sahani ishuke kwa shilingi 200 ajiulize shilingi hizo zitatoka wapi. Hazitatoka katika unga, maana sahani ikipungua ataona kwa macho. Zitatoka katika maji, mahali ambapo haoni.

Ndivyo tunavyofika kwenye karai moja. Sahani za asubuhi zimeoshwa humo, na za mchana pia, na maji yamekuwa na rangi ya mchuzi. Mteja wa arobaini anakula katika sahani iliyooga na sahani za wenzake wote. Kipindupindu na homa ya matumbo husafiri kwa njia hiyohiyo, kutoka kinyesi cha mgonjwa mmoja, kupitia mikono na maji, hadi kinywani mwa wengine.

Namna ya kuosha vyombo kwa maji machache ipo. Futa mabaki ya chakula kwanza kabla chombo hakijagusa maji. Tumia karai moja la sabuni na jingine la kusuuzia, na maji ya kusuuzia yakianza kutoa povu yahamishie kwenye karai la sabuni, kisha weka mapya. Vyombo vianikwe juu ya kichanja vikaushwe na jua, badala ya kufutwa kwa kitambaa kilichofuta meza. Mikono ya wateja inawiwe kwa maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi hutengenezwa kwa dumu dogo, kamba na kijiti cha kukanyagia, na hutumia maji machache kuliko bakuli linalozungushwa mezani. Bakuli hilo la kuzungushwa, ambalo mtu wa mwisho hunawa uchafu wa wote waliomtangulia, naomba lirudi nyumbani likawekewe mboga.

Upande wa Halmashauri nao una deni lake. Mahali panapouzwa chakula bila choo karibu, mahubiri yangu ya sabuni hayana nguvu, na nimekwisha kulisema hilo katika taarifa zangu.

Kuhusu chakula chenyewe nitataja muhogo tu, kwa sababu ndio moyo wa sahani yetu. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi ambayo hupungua kwa kulowekwa na kukaushwa vizuri. Mwaka 1988, wakati wa ukame, watu wilayani Masasi walipata madhara ya sumu hiyo baada ya kula ugali wa muhogo ulioandaliwa kwa pupa, yaani kupondwa na kuanikwa mara kadhaa katika siku moja ili uliwe haraka. Njia hiyo ya mkato ilijulikana kwa jina la chinyanya. Na mtu akila muhogo wenye sumu kwa wiki nyingi, bila maharage, samaki au mbaazi za kutosha, anaweza kupata konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona. Mama lishe hununua unga asiojua ulivyokaushwa. Kwa hiyo, akiwa na shaka, achanganye unga na maji uwe kama tope zito, autandaze kwa unene usiozidi sentimita moja, auache saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo ausonge siku hiyohiyo. Sehemu kubwa ya sumu iliyobaki huyeyukia hewani. Mwaka wa mvua haba hitaji hili ni kubwa zaidi, kwa sababu muhogo uliopata kiu huwa na sumu nyingi.

Ndugu zangu, msimu uko mlangoni. Wahudumu wa chakula hupimwa afya kila baada ya miezi sita, na cheti kilichopimiwa msimu uliopita hakifai tena. Njooni zahanati sasa, kabla ya foleni za ghalani kuanza. Wanaotaka kuongeza mtaji wakumbuke kwamba sheria inaitaka Halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Mama lishe watano wanaouza chakula sehemu moja, wanaofahamiana tabia na madaftari, tayari wamekaribia kuwa kikundi, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata atawaongoza katika usajili. Mkifika kwake, pendekezeni tangi la maji la pamoja kabla ya viti vya plastiki.

Na ninyi mnaokula, malipo ya mnada wa kwanza yakiingia, pitieni kwanza kwa aliyewaandikia.

Naona mama mmoja kule nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja bakuli. Tuanze na yeye.