UJUZI WA KAZI NI MCHANGO PIA
(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeombwa kusema juu ya wenzetu walio na kazi za ujuzi, yaani wahasibu, mawakili, makarani wa benki, wapima ardhi na wengineo, na jinsi wawezavyo kukisaidia chama pasipo malipo.

Sisi tumezoea kuchanga kwa mfuko. Tangu mwaka 1963, Harambee ilipofanywa kuwa wito wa taifa, mtu akiulizwa amekichangia chama kitu gani, hutaja shilingi, au mbuzi, au siku alizobeba mawe ya kujengea shule. Ni nadra kumsikia mtu akisema kwamba alichanga saa sita za kusawazisha hesabu. Walakini vyama vingi havikufa kwa kukosa fedha. Vilikufa kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha fedha ilikokwenda.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Harry Thuku alipoongoza chama cha East African Association mjini Nairobi mwaka 1921, alikuwa mpokea simu katika ofisi ya Hazina ya Serikali, na kabla ya hapo alifanya kazi katika kiwanda cha kupiga chapa gazeti. Watu waliolalamikia kipande na kupunguzwa mishahara walikuwa wengi sana. Waliojua kuyapeleka malalamiko hayo kwa maandishi hata yakasomwa London walikuwa wachache. Tena Bwana Manilal Desai, mhariri wa East African Chronicle, ambaye hakuwa Mwafrika, alimsaidia Thuku kwa ofisi na kwa mashine yake ya chapa.

Naomba sasa ruhusa nieleze habari ya chama kimoja ambacho sitakitaja jina. Miaka kadhaa iliyopita wazee wake waliniita niwatazamie hesabu za mfuko wa mazishi. Fitina ilikuwa imekwisha kuingia. Mjane mmoja alikuwa amengoja msaada wake miezi minne, maana fedha iliyosalia ilizuiwa hata shauri liishe. Mweka hazina, mzee aliyekuwa mwalimu zamani, hakusalimiwa tena na watu kanisani. Ilisemwa kwamba amekula shilingi 84,000.

Nikaomba daftari. Nikaletewa madaftari matatu, bahasha ya risiti, na simu. Michango yote ilipokewa kwa M-Pesa katika simu yake mwenyewe, ikachanganyika na karo ya wajukuu na fedha za maziwa yake. Tulikaa Jumamosi tano. Tuliipitia taarifa ya simu mstari kwa mstari, tukiweka alama penye kila shilingi ya chama. Mwisho ilionekana kwamba shilingi 61,000 zilikuwa zimelipwa hospitalini na kwa mwenye gari la maiti, wala hazikuandikwa. Shilingi 19,000 zilikuwa za wanachama waliosema wametoa, kumbe hawakutoa. Shilingi 4,000 hazikuonekana. Yule mzee alizilipa siku ile ile, akalia mbele yetu. Mjane alipewa haki yake wiki iliyofuata.

Lakini nami nilikosea. Nilipoondoka niliwaachia daftari la safu kumi na mbili, mfano wa lile tunalotumia katika kampuni. Niliporudi baada ya mwaka, nilikuta ukurasa wa kwanza tu ndio umeandikwa, tena kwa mwandiko wangu. Nilikuwa nimewapelekea nilichokijua mimi, nisiwaulize wanachokihitaji wao. Basi tukanunua daftari la shule, tukalichora safu nne: tarehe, jina, kilichoingia, kilichotoka. Nikakaa na binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne mpaka akaweza kuliendesha bila mimi. Daftari hilo lingali linaandikwa hata leo.

Najua baadhi ya wazee wana hofu kwamba hawa wenye tai watakuja kutudharau na kukitwaa chama. Hofu hiyo si bure. Nimewaona watu wa namna hiyo. Wenye ujuzi nao huogopa kwamba wakisema ndiyo mara moja wataitwa kila usiku hata juu ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Kwa hiyo kazi ya kujitolea na iandikwe kama kazi nyingine: ni kazi gani, itakwisha lini, na anayejitolea atampa nani habari. Asishike fedha hata kidogo. Anayeandika hesabu asiwe ndiye anayezikagua. Na chama kimlipie nauli, kwa kuwa mtu anayetoa siku yake hapaswi kutoa na mfuko wake.

Wala tusidhani kwamba hesabu safi ni hisani tu. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, hukitaka kila chama kilichoandikishwa kufanya mkutano mkuu kila mwaka na kutoa mbele ya wanachama hesabu kamili na ya kweli. Wakili nasi tunamhitaji: katiba yetu haisemi nani arithi haki ya mwanachama aliyekufa bila kuandika jina la mrithi, na kabla hatujatoa shilingi moja kununua kiwanja, yafaa mtu ajuaye aende ofisi ya ardhi kuichunguza hati.

Bwana Mwenyekiti, naomba halmashauri ifungue orodha ya ujuzi wa wanachama wetu, pamoja na watoto wao walioko kazini mijini. Karatasi ipo mezani kwa Bwana Katibu. Jina langu nimekwisha kuliandika, na siku yangu ni Jumamosi ya pili ya kila mwezi, tangu saa tatu asubuhi hata saa saba. Mwezi ujao nitaanza na daftari la mfuko wa karo, na Bwana Mweka Hazina amekubali kuja na risiti zote.