Daftari la Mkunga



Miezi michache iliyopita, katika kikao cha idara, daktari mwenzangu ninayemheshimu sana aliulizwa kwa nini watu wa miaka thelathini na kitu wanatujia na kisukari na presha. Akajibu kwa neno moja: ukoo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, akaongeza, na kikao kikahamia ajenda nyingine. Mimi nilibaki palepale. Neno lile limenikera tangu siku hiyo, na ndilo lililonipandisha jukwaani jioni hii.

Linakera kwa sababu linafunga mjadala pale unapopaswa kuanza. Ukimwambia mgonjwa kuwa sukari yake ni ya ukoo, umemwambia hakuna lililokosewa na hakuna la kutenda. Jeni zipo, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanalijua hilo, sitalirudia. Lakini "ukoo" vinywani mwetu ni kapu lenye vitu viwili: damu tuliyorithi, na tumbo lililotubeba miezi tisa.

Tuvitenganishe. Mwaka 1938, Walton na Hammond wa Cambridge walichapisha jaribio lao la farasi. Walichukua Shire, farasi mkubwa wa kukokota mizigo, na Shetland, kifarasi kifupi ambacho hata mtoto hukipanda. Wakazalisha machotara pande zote mbili: mama Shire kwa baba Shetland, kisha mama Shetland kwa baba Shire. Damu ni ileile, nusu kwa nusu. Kama ukoo ndio kila kitu, watoto wangezaliwa sawa. Aliyebebwa na Shire alizaliwa na uzito wa karibu mara tatu ya aliyebebwa na Shetland, na hata walipokua hawakulingana. Nyoka yuko wapi hapo?

Nampa mwenzangu haki yake. Mwaka 1999, Hattersley na Tooke walileta hoja nzito: insulini ndiyo humkuza mtoto tumboni, kwa hiyo jeni inayoidhoofisha inaweza kumfanya azaliwe mdogo na pia kumpa kisukari ukubwani, hata kama mama yake hakulala njaa siku moja. Ni kweli kwa sehemu, na familia za namna hiyo zipo. Lakini ipelekeni hoja hiyo Uholanzi. Septemba 1944 wafanyakazi wa reli waligoma, Wajerumani wakazuia chakula kwenda miji ya magharibi, mifereji ikaganda kwa baridi, na mgawo wa mtu mzima ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Ukombozi wa Mei 1945 ukarudisha chakula. Mwaka 2008, Heijmans na wenzake walipima damu ya watu ambao mimba zao zilitungwa katika njaa ile, wakawalinganisha na ndugu zao wa jinsia ileile ambao mimba zao hazikuipitia. Miaka sitini ilikuwa imepita, na bado alama za kikemikali juu ya jeni moja ya ukuaji, IGF2, zilitofautiana. Ndugu wa familia moja. Kilichowatenga ni msimu wa mimba.

Wapo watakaonitajia Leningrad, ambako utafiti wa mwaka 1997 haukuona tofauti ya sukari kati ya waliobebwa mimba wakati mji umezingirwa na wengineo. Sikwepi. Watoto wa Uholanzi waliandaliwa kwa njaa, wakaangukia kwenye shibe. Wa Leningrad waliendelea na uhaba. Kwangu mimi hilo linaongeza nguvu ya hoja, maana wagonjwa wetu wa mjini wanafanana na Waholanzi: mimba ya kijijini wakati wa kupalilia, utu uzima wa chipsi na soda.

Namna inavyotokea naipitia haraka. Mtoto akipungukiwa tumboni, damu huelekezwa kwanza kwenye ubongo. Figo na kongosho hupata makombo. Vichujio vya figo huumbwa kabla ya kuzaliwa na baada ya hapo haviongezeki. Aliyezaliwa navyo vichache atavitumikisha maisha yake yote. Na upungufu huo hauhitaji njaa: vimelea vya malaria hujibanza kwenye kondo la nyuma, hasa katika mimba ya kwanza, na chakula cha mtoto hukwama njiani. Mtu asiondoke hapa akimnyooshea mama kidole. Ndoo ya maji kichwani hakuichagua yeye, wala mbu, wala desturi ya kula baada ya wote kushiba.

Sasa niruhusuni nimlete mtu ninayempenda kuliko wote katika taaluma hii, naye hakuwa profesa. Mwaka 1911 huko Hertfordshire, Uingereza, Ethel Margaret Burnside alikuwa mkuu wa wauguzi wa kutembelea majumbani na mkaguzi wa wakunga. Nchi yake ilikuwa imeshtuka kuona vijana wengi waliojitokeza kupigana Vita vya Makaburu hawafai hata kubeba bunduki. Chini yake, mkunga alipima kichanga na kuandika uzito kwenye kadi. Baadaye muuguzi alibisha hodi nyumbani: mtoto ananyonya au anapewa chupa? Ameugua nini? Ana meno mangapi? Alipotimiza mwaka akapimwa tena, na yote yakanakiliwa kwenye daftari kubwa la kaunti. Kazi hiyo iliendelea hadi 1948. Mtoto baada ya mtoto, kijiji baada ya kijiji, kwa mkono.

David Barker wa Southampton ndiye aliyeyafungua madaftari yale. Mwaka 1989, yeye na wenzake walionyesha kuwa kati ya wanaume 5,654 waliozaliwa huko kati ya 1911 na 1930, waliokuwa wepesi kuzaliwa na wepesi kutimiza mwaka ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Sijui chombo kingine cha sayansi kilichofanya kazi kubwa hivyo kwa gharama ya mizani na wino. Nimeambiwa nazeeka na karatasi zangu, kwamba siku hizi kuna maabara za jeni. Zijengwe. Lakini bila uzito wa siku ya kwanza, maabara itasoma jeni na kurudi na jibu lilelile: ukoo.

Nasi tuna madaftari yetu. Miaka mingi iliyopita, nje ya kituo kimoja cha afya, nilinunua karanga zilizofungwa kwenye karatasi iliyosokotwa. Nilipoikunjua nikaona mistari ya rejista ya uzazi. Karatasi ninayo, jina la mama nimelifuta. Mwaka 1989. Umri wa mama, 17. Mimba ya kwanza. Mtoto wa kike, kilo 2.1. Kwenye safu ya maoni, kwa mwandiko mzuri wa mkunga: malaria.

Ninachoomba kwa chuo hiki ni chumba kikavu chenye makabati, na gari la kukusanya madaftari ya uzazi yaliyobaki vituoni kabla ya masika. Binti yule, kama yu hai, yuko kwenye umri wa wagonjwa tuliowajadili kikaoni. Akija na presha, tutamuuliza kama ipo kwenye ukoo wao, naye atasema ndiyo, na tutaandika hivyo.