DNA yako si yako peke yako

Haya nilizungumza na vijana hapa Lwakhakha, nayaweka hapa kwa wale ambao hamkufika.

Huku kwetu ukitaja DNA watu wanacheka, wanadhani ni ile ya baba kumkataa mtoto. Leo hiyo weka kando.

Unaikumbuka Huduma Namba? Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Usajili wa Watu, na katikati ya marekebisho mengine mengi ikaingia DNA, pamoja na GPS ya pale unapoishi. Yaani kila Mkenya anayejiandikisha angeweza kuombwa DNA, mwenye kosa na asiye na kosa. Nubian Rights Forum wakaenda Mahakama Kuu, na KHRC na KNCHR pia. Aprili 2019 mahakama ikasimamisha hayo mawili kwa muda. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakaamua kwamba kuchukua DNA na GPS ni kuingilia faragha kinyume cha Katiba. Angalia basi: Wanubi, watu waliozoea kuhojiwa mpaka habari za babu ndio wapate kitambulisho, ndio waliomkinga kila Mkenya.

Sasa sisi wa mpakani. Shangazi yako yuko ng'ambo ya mto, Uganda, na binamu labda yuko Marekani. DNA haijui daraja wala pasipoti. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata muuaji waliyemtafuta miaka mingi. Hawakumfikia kwa mate yake. Walipitia jamaa zake wa mbali, waliokuwa wameweka DNA zao GEDmatch kutafuta ukoo. Muuaji kushikwa ni jambo jema, sibishani. Lakini tazama njia yenyewe: jamaa usiyemjua hata kwa sura anaweza kukuingiza kwenye orodha ya washukiwa. Na orodha hizo huwa na majina gani, nyinyi mnajua.

Kwa hiyo binamu akikwambia utemee mate kichupa mjue asili yenu, muulize kwanza inabaki kwa nani. Mwaka 2023 wadukuzi walipata taarifa za watu kama milioni 6.9 wa 23andMe, na Machi 2025 kampuni yenyewe ikaomba kufilisika. Nenosiri unabadilisha, nasaba je?

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu DNA kuwa data nyeti. Una haki kuambiwa inachukuliwa kwa nini, na haki ya kuomba ifutwe ikiwa inashikiliwa kinyume cha sheria. Kwa upande wa polisi, Kanuni ya Adhabu, kifungu 122A, inataka amri ya maandishi ya afisa wa cheo cha inspekta au zaidi, na wewe uwe unashukiwa kwa kosa kubwa, kwa sababu za msingi. Kanzu si sababu.

Ukiitwa kituoni usipigane, usitukane. Omba kuiona hiyo amri, soma cheo cha aliyetia sahihi, na umpigie wakili na mzazi kabla hujafungua mdomo kwa kile kijiti cha pamba.