Kabla ya Kupanda Mlima Elgon

Huenda mwanao ataomba ruhusa ya kupanda Mlima Elgon wakati wa likizo. Mwulize kwanza: mwezi gani? Aprili ni mwezi wa mvua nyingi. Njia huteleza na ukungu huficha vilele. Afadhali Desemba hadi Februari.

Hata kiangazi, baridi haikosi. Kakamega iko kwenye mita 1,500 hivi. Kilele cha Koitoboss kina mita 4,222. Kila mita 1,000 joto hupungua karibu nyuzi 6. Aliyelowa huko usiku aweza kufa.

Basi, mzazi, kabla ya kumwombea safari, tazama mfuko wake: sweta nzito, koti la mvua, nguo kavu, chakula. Tena mwambie, mawingu yakikusanyika, kurudi si aibu. Bwana awalinde.