Kutoka mnara wa jeshi
Agosti 1981, Rais Ronald Reagan alipowafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma Marekani, askari waongoza ndege walikuwa miongoni mwa walioziba pengo minarani, na safari nyingi zikaendelea. Ujuzi wao si wa kubezwa. Wapo wanaosema ndege za kivita huruka kwa makundi, za abiria kwa foleni, hivyo askari anayehamia mnara wa kiraia aanze upya kabisa. Tofauti ipo, lakini pande zote rubani hurudia sehemu muhimu za agizo, na tarakimu moja ya kimo ikikosewa, mwongozaji huisahihisha papo hapo. Anachokosa askari ni ramani ya anga ya kituo kipya. Hata raia mzoefu akihamishwa huisoma upya. Na kwa kuwa sheria ya Marekani kwa kawaida humstaafisha mwongozaji wa serikali akiwa na miaka 56, kumchelewesha askari kwa kumwanzisha upya ni kumpunguzia miaka ya kazi.