Kwa Nini Tumsomeshe Binti Anayetafiti Barafu?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Katika kikao kilichopita mzee mmoja alisimama akauliza: kwa nini mfuko wetu wa elimu umsaidie binti anayesomea shahada ya uzamivu kuhusu barafu ya Ncha ya Kaskazini, wakati zahanati zetu zina upungufu wa dawa? Swali hilo ni la haki, nasi tuliahidi kulijibu.

Kwanza, kazi yenyewe. Bahari ya Aktiki hufunikwa na barafu inayoelea, ambayo satelaiti zimeipima mfululizo tangu mwaka 1979. Barafu hiyo hupungua kabisa kila Septemba. Katika miaka ya 1980 kiasi kilichobaki mwezi huo kilikuwa karibu kilomita za mraba milioni 7. Septemba 2012 zilibaki milioni 3.4 tu.

Barafu nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, bali maji meusi hunyonya zaidi ya asilimia 90. Aliyevaa kanzu nyeusi juani anaelewa jambo hili. Kwa hiyo barafu ikipungua, bahari hupata joto zaidi, na joto hilo huyeyusha barafu nyingine.

Joto jingine hutoka chini. Maji ya Atlantiki yenye uvuguvugu na chumvi nyingi huingia Aktiki, kisha huzama chini ya tabaka la maji baridi yenye chumvi kidogo. Tabaka hilo huikinga barafu. Je, kinga hiyo itadumu? Hakuna awezaye kuifanyia majaribio bahari nzima. Hivyo mtafiti hutumia modeli: huigawa bahari ndani ya kompyuta katika vyumba vingi, kila kimoja na joto, chumvi na mwendo wake, kisha kompyuta hukokotoa jinsi vyumba hivyo vinavyoathiriana. Matokeo hulinganishwa na vipimo vya satelaiti na vya maboya yanayopima bahari hadi kina cha mita 2,000. Yasipolingana, mtafiti hurudi kutafuta kosa. Hiyo ndiyo kazi inayomaliza miaka ya binti yetu.

Modeli si unabii. Barafu ya bahari ya Antaktika ilipopungua ghafla mwaka 2016, modeli nyingi hazikuwa zimelionyesha jambo hilo vizuri. Ndiyo maana watafiti wapya wanahitajika.

Pili, tunakiri kosa letu. Katika baadhi ya maombi yetu ya misaada tuliandika kwamba kuyeyuka kwa barafu ya baharini ndiko kunakopandisha maji ya pwani yetu. Binti huyo ndiye aliyetusahihisha. Tia vipande vya barafu katika bilauri ya juisi ya ukwaju, uache viyeyuke: bilauri haifuriki. Barafu inayoelea haipandishi bahari kwa kiasi cha kutajika. Bahari hupanda kwa kuwa maji yakipata joto hutanuka, na kwa kuwa barafu ya nchi kavu, kama ile ya Greenland, inaingia baharini. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada la dunia limeingia baharini, na kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari ilipanda kwa wastani wa sentimita 20.

Basi hesabu ya joto la bahari si ya watu wa kaskazini peke yao. Parokia ya pwani inayopanga mahali pa kujenga shule au kuchimba kisima inaihitaji.

Hatusemi wagonjwa wasubiri. Fungu la dawa liko pale pale na halijaguswa. Tunaomba mambo mawili. Wafadhili, msimwache binti huyu njiani kabla hajakamilisha tasnifu yake. Kamati za pwani, wekeni alama mahali maji ya bamvua yanapofika, na mwandike tarehe. Wazee wavuvi wawaongoze vijana. Bila vipimo, hata modeli nzuri haina cha kulinganishwa nacho.

Aliyetukabidhi dunia hii atatudai hesabu yake. Tuiandike kwa ukweli.